Mwezi Mmoja Ubaoni

Gaylen Tiedemann alikuwa mtu wa juu. Miaka arobaini na mmoja alifanya kazi kwenye maghala ya nafaka ya ushirika wa Brannock, yale marefu ya zege unayoyaona maili kumi kabla hujauona mji wenyewe. Kila asubuhi alipanda ngazi ya chuma mpaka kileleni, futi mia moja na thelathini, kukagua mikanda inayopandisha mahindi. Wenzake walipanda, wakakagua, wakashuka. Yeye alipanda, akakagua, akabaki. Alisimama pale na chupa yake ya kahawa akiitazama wilaya nzima imelala kama shuka la viraka: mashamba ya mahindi, mashamba ya soya, barabara za changarawe zilizonyooka kama zimepigwa rula, na moshi wa pikapu ya mtu aliyemjua ikielekea mahali alipopajua.

Magoti yakamstaafisha kabla ya umri. Mwaka wa kwanza chini ulimtesa. Alizunguka nyumbani akirekebisha vitu visivyoharibika, hadi mkewe, Arlys, akamwambia kwamba akigusa tena bawaba za kabati lake atazikwa pamoja nazo. Krismasi ile binti yao, Renae, anayeishi Denver, akamletea babake droni ndogo ndani ya boksi. Gaylen aliitazama kama mtu aliyeletewa paka ambaye hakumwomba. Kufika Machi alikuwa amenunua ya pili, kubwa, yenye miwani inayokufunika macho yote, na ukiivaa unaona kile inachokiona kamera angani. Siku ya kwanza alipoivaa, akiwa ameketi kwenye kiti cha kukunja nyuma ya nyumba, hakuivua mpaka betri ikaisha. Arlys alimkuta mashavu yamelowa.

"Upepo tu," alisema.

"Upepo," Arlys alikubali, "ndani ya miwani iliyozibwa."

Aliirusha peke yake. Hilo ndilo lililowakera wazee wenzake wa meza ya kahawa kwenye kituo cha mafuta, hasa LaVern Hoekstra, aliyefundisha useremala shule ya upili miaka thelathini na ambaye sasa alikuwa katibu wa klabu ya ndege za mfano zinazorushwa kwa rimoti. LaVern alikuwa na miaka sabini na tisa, vidole vilivyojaa makovu ya visu na gundi, na ndege kumi na moja za mbao zilizoning'inia gerejini kwake kama popo.

"Bado unalirusha lile blenda lako, Gaylen?"

"Bado. Na wewe bado unagundisha vijiti vya aiskrimu?"

"Mimi naruka, bwana. Wewe una kitu kinachojirusha chenyewe, unakikodolea macho tu kama kuku anayetazama treni." Meza ikacheka. LaVern akashusha sauti. "Lakini kwa kweli, jiunge na sisi. Unalipa ada ya chama cha taifa cha warushaji, unapata bima. Unalipa ya klabu, unapata uwanja. Na unapata watu."

"Watu ninao. Nakaa nao hapa kila asubuhi, na ndio wanaonifanya nitake kwenda peke yangu."

"Ukivaa ile miwani huioni dunia. Sheria inataka mtu asimame kando yako awe macho yako. Nani anasimama kando yako?"

"Ng'ombe wa jirani yangu Schroeder."

"Basi siku ndege ya kupulizia dawa itakapokuja chini chini, ng'ombe wa Schroeder watakwambia."

"Hewa haina mwenyewe, LaVern."

"Haina, mpaka kitu chako kimwangukie mtu utosini. Hapo utashangaa itakavyopata wenyewe wengi."

Gaylen alimalizia kahawa yake. Alikuwa ametumia maisha yake kupokea amri za meneja, za mkaguzi wa serikali na za mashine. Kustaafu kwake maana yake ilikuwa moja: kutosomewa kanuni. Hakutaka kulipa fedha zake ili akae chini ya kibanda cha bati na wazee tisa wanaobishana ni gundi ipi inayoshika zaidi.

Arlys alikuwa mpishi wa shule. Kizazi kizima cha Brannock kilikula viazi vyake, na watu wazima wenye ndevu walipokutana naye dukani bado walisimama wima kidogo. Mapafu yake yalikuwa yanakauka. Daktari alisema ni kovu linalotambaa, halijulikani lilikotoka wala halirudi nyuma. Kufika kiangazi kile alikuwa amehamishiwa kitanda cha hospitali sebuleni, karibu na dirisha, na mrija wa oksijeni puani. Watu wote wa mji walijua anaumwa. Walileta vyombo vya viazi vya kuoka na jibini, wakavipokea tena vikiwa vimeoshwa. Wakiuliza hali yake, Gaylen alijibu kama wanavyojibu watu wa huko: "Si mbaya sana." Mtu wa Brannock aliyekatwa mkono na mashine atakwambia si mbaya sana, mwingine anao.

Na wana desturi nyingine. Ukimkaribisha mtu kipande cha pai, atasema hapana, asante, ameshiba. Utamkaribisha mara ya pili, atasema usijisumbue. Mara ya tatu ndipo atasema haya basi, kipande kidogo. Anayekubali mara ya kwanza ni mgeni au mlafi, na anayekaribisha mara moja tu hakuwa na nia. Hakuna aliyefundishwa hilo kwa maneno. Watoto hulinyonya pamoja na maziwa.

Ukame wa mwaka ule ulianza Juni. Mahindi yaliyokuwa bondeni yalivumilia, ya mlimani yakajikunja majani kama sigara, na nyasi zote zikageuka rangi ya karatasi ya sukari. Katikati ya Agosti mke wa rubani wa ndege ya kupulizia dawa alikuja kumwona Arlys na chombo cha keki, na katika mazungumzo akasema mumewe ameona jambo la ajabu kule uwanja wa klabu ya ndege ndogo. Nyasi zilizoota juu ya misingi ya mawe ya zamani zimekauka kuliko nyingine, na ukiwa juu unaona nyumba nzima imechorwa ardhini: kuta, vyumba, ngazi.

Arlys alishika ukingo wa kitanda. "Ile ni nyumba yetu," alisema.

Ilikuwa nyumba yao kweli. Alizaliwa pale. Baba yake alinyang'anywa shamba na benki katika ile miaka wakulima walipokuwa wakifilisika kama miti inavyodondosha majani, na aliyelinunua aliibomoa nyumba, akaisukumia ndani ya chumba chake cha chini ya ardhi, akafukia, akapanda nyasi. Baadaye likauzwa tena. Sasa lilikuwa mali ya kampuni ya ardhi ya huko mji mkuu wa jimbo, ambayo ililima mahindi pande zote na kuikodisha ile sehemu ya majani kwa klabu. Klabu ilifyeka njia ya kurukia, ikasimamisha kibanda cha bati, ikafunga lango kwa mnyororo. Arlys hakuwa amekanyaga pale miaka thelathini na minane. Alikuwa akipita barabara nyingine, hata kama ni ndefu.

Usiku ule alimwambia mumewe, "Nataka kuiona. Nivalishe hiyo miwani yako, wewe urushe, mimi nikuelekeze. Nataka nikuonyeshe chumba changu."

"Kilikuwa upande gani?"

"Sitaki kukusimulia. Kusimulia ni kwa wafu. Nataka kukuonyesha."

Ombi hilo halikuwa na mengi yaliyolitangulia. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na mwanamke huyu hakuwa amemwomba Gaylen kitu chochote isipokuwa aache bawaba zake.

Angeweza kumpigia LaVern simu asubuhi yake. Badala yake alimbeba Arlys mpaka kwenye pikapu, mwepesi kama kapu la nguo zilizokauka, akafunga mtungi wa oksijeni kwa mkanda wa kiti, akaenda kwenye barabara ya changarawe iliyo upande wa kusini. Kati ya barabara na uwanja kulikuwa na shamba la mahindi marefu kuliko mtu, kisha mstari wa miti mirefu ya kukinga upepo. Alimvalisha mkewe miwani, yeye akatumia kioo kidogo cha rimoti, akairusha ile droni kubwa.

"Mama yangu," Arlys alisema. Kisha akacheka kwa pumzi fupi fupi. "Gaylen, hivi ndivyo ulivyokuwa unakaa huko juu ya maghala? Na kunirudia nyumbani ulikuwa unarudi kwa nini?"

"Chakula."

"Nenda mbele. Ile miti aliipanda baba. Ivuke. Sasa kushoto, pole pole. Shuka. Shuka kidogo tena."

Alishuka mpaka futi sitini, nyuma ya miti.

"Naona kona," Arlys alisema. Mkono wake ulikuwa umeinuka, kidole kikifuata kitu kisichokuwepo ndani ya pikapu. "Gaylen, naiona kona ya..."

Picha ikaganda.

Miti ilikuwa imekata mawasiliano. Droni ya aina ile ikipotezana na bwana wake hufanya kama farasi: hupanda mpaka kimo ilichopangiwa, hurudi nyumbani kwa mstari ulionyooka. Na kimo kile huwekwa na mwenyewe. Gaylen alikiweka futi themanini siku ya kwanza kabisa, nyuma ya nyumba yake, mahali pasipo na kitu kirefu kuliko kamba ya kuanikia, na hakukigusa tena. Miti ya baba mkwe wake ilikuwa na futi mia na zaidi. Kwenye klabu, hakuna anayerusha kabla mwenzake hajamuuliza kwa sauti, umeweka kimo gani cha kurudi. Ng'ombe wa Schroeder hawaulizi.

Walisikia majani yakichanika, kisha kimya.

Aliingia kwenye mahindi kuitafuta. Shamba la mahindi mwezi Agosti ni bahari isiyo na ufuko. Hatua kumi tu ndani huoni ulikotoka, na majani yake makavu yanakata ngozi kama makali ya karatasi. Alizunguka saa mbili. Kila baada ya dakika chache Arlys alibonyeza honi ya pikapu ili ajue barabara iko upande gani. Alipotoka, mikono ikichirizika damu nyembamba, alimkuta bado amevaa miwani, ingawa ndani yake hakukuwa na kitu ila kiza.

"Nilikuwa nimefika kwenye kona tu," alisema.

Sasa alibaki na ile droni ndogo ya Krismasi, ambayo haikuweza kwenda mbali. Kuiona nyumba kwa ile, lazima usimame palepale uwanjani. Gaylen alipiga simu kwenye kampuni ya ardhi. Mwanamke mwenye sauti ya upole alimwambia hawaruhusu mtu isipokuwa wanachama wa klabu, kwa sababu ya bima. Alimshukuru. Hakumweleza ni kwa nini anaulizia, na mwanamke yule hakuuliza.

"Jiunge nao," Arlys alisema.

"Nitafikiria."

"Unafikiria nini? Kwani umeombwa ukaoe?"

Alifikiria siku kumi na mbili. Aibu ilikuwa na uzito zaidi ya kanuni: kila siku alimkuta LaVern kwenye meza ya kahawa, na kila siku LaVern alisema kitu kuhusu blenda, na Gaylen akajibu, na ombi lenyewe likabaki kooni kama punje ya pilipili. Mwishowe Renae alimwandikisha kwenye chama cha taifa kwa kompyuta, akiwa Denver, kwa muda usiotosha kuchemsha yai. Kadi ikaja kwenye simu. Bima ikawa yake. Ilibaki klabu tu.

Klabu ilikutana Jumanne ya kwanza ya kila mwezi kwenye jengo la zimamoto, katikati ya magari mawili mekundu. Walikuwa wanachama tisa, mdogo wao ana miaka hamsini na minne. Gaylen aliingia kofia mkononi. Kelele za shangwe zilipigwa, mwenyekiti, Denny Kolb, akamvutia kiti, mtu akasema leo mashine za jikoni zimeongoka. Alivumilia. Kusema kweli hakuona ugumu wowote katika kuvumilia, na jambo hilo lilimuuma zaidi ya mzaha wenyewe. Wiki tatu alikuwa amejihami dhidi ya watu waliofurahi kumwona.

LaVern aliandika jina lake kwenye karatasi, akalibandika kwenye ubao wa matangazo ukutani.

"Litakaa hapo mwezi mmoja," alisema. "Mkutano ujao tunapiga kura. Ni kanuni ya zamani. Mwaka themanini na saba tulimpokea jamaa mmoja siku hiyo hiyo, wiki iliyofuata akaingiza ndege yake kwenye dirisha la basi la shule. Bahati, lilikuwa tupu. Tangu hapo kila jina linakaa ubaoni mwezi, mwenye neno aseme."

"Sawa," Gaylen alisema.

LaVern alimtazama juu ya miwani yake ya kusomea. Alifundisha watoto kutumia msumeno miaka thelathini. Alijua uso wa mtu anayeficha kidole kilichokatwa. "Una haraka na uwanja? Kama unayo, naweza kukuingiza kama mgeni wangu. Mwanachama ana haki ya mgeni. Hata kesho."

"Aa, sitaki kukusumbua."

"Si usumbufu. Mimi nakwenda huko karibu kila siku, nina nini kingine?"

"Hapana, hapana. Mwezi si mrefu."

LaVern alifungua mdomo. Gaylen, katika siku zote zilizofuata, aliukumbuka mdomo ule ukiwa wazi, na jino la dhahabu la kushoto. Lakini Denny Kolb aligonga meza akasema kwamba kabla watu hawajaanza kuondoka, mashine ya kufyeka majani imekufa tena, na ni nani aliyeiacha na petroli ya mwaka jana ndani. Wote tisa wakaanza kusema kwa pamoja. Swali la tatu halikuulizwa.

Mficha maradhi, tunasema, kifo humuumbua. Gaylen hakuficha maradhi, mji mzima uliyajua. Alichokificha ni haja.

"Ulimwambia?" Arlys aliuliza aliporudi.

"Nimeandikwa. Mwezi ujao wanapiga kura."

"Ulimwambia ni kwa ajili yangu?"

Gaylen alikuwa anakunja kofia yake.

"Wewe mtu," Arlys alisema polepole, akivuta pumzi katikati ya maneno, "ungekuwa unazama, na mtu akapita na mashua, ungemwambia maji ni mazuri."

"Kesho nitamwambia."

"Utamwambia."

Lakini kesho yake muuguzi alikuja kupandisha kiwango cha oksijeni, na keshokutwa meza ya kahawa ilikuwa imejaa, na siku ya tatu LaVern alikwenda Omaha kuondolewa mtoto wa jicho, na jicho likapata maambukizi yaliyomweka huko wiki mbili. Arlys mwenyewe hakupiga simu. Simu ilikuwa kando ya mkono wake, mchana kutwa, na namba ya LaVern aliijua, na LaVern mwenyewe alimzoea, maana yeye ndiye aliyekuwa akimwekea kipande cha mkate wa mdalasini kila Ijumaa jikoni mwa shule. Alikuwa binti wa watu wale wale. Aliitazama simu, akatazama dirisha.

Tarehe kumi na moja Septemba mvua ikanyesha. Brannock yote ilitoka nje. Watu wazima walisimama kwenye nyua zao nguo zikiwalowa, na kengele ya kanisa la Kilutheri ikapigwa ingawa haikuwa Jumapili. Gaylen alibaki sebuleni. Mvua ilipiga bati la baraza, na Arlys akaisikiliza macho yakiwa yamefumbwa.

"Ni nzuri kwa soya," alisema baadaye.

"Imechelewa kwa mahindi."

"Kwa soya, lakini." Akafumbua macho. "Zitaota tena, zile nyasi. Siku ngapi? Kumi?"

"Labda zaidi. Ardhi ilikuwa kavu sana."

"Kumi," alisema Arlys, aliyezaliwa pale.

"Niambie tu, basi. Chumba chako kilikuwa wapi? Jiko lilikuwa upande gani?"

Alianza. Gaylen aliinamisha sikio karibu na mdomo wake. Arlys alisema ukiingia kwa mlango wa nyuma, kuna vidato vitatu, na cha kati kimevunjika, na halafu... Kikohozi kikamshika. Kilipomwachia, hakuwa na nguvu ya kuendelea, akafanya ishara kwa mkono: baadaye. Siku zilizofuata maneno yake yalikuwa machache, na aliyatumia kwa Renae, aliyekuwa amefika kutoka Denver, na hilo lilikuwa haki.

Alifariki tarehe ishirini na tatu, saa moja kasoro asubuhi. Gaylen alikuwa jikoni akimwaga maji ya moto. Alisikia mashine ya oksijeni ikiendelea kunguruma kama kawaida, ndiyo maana hakujua mara moja.

Baada ya maziko watu walishuka kwenye chumba cha chini cha kanisa kula mikate ya nyama ya nguruwe, saladi ya viazi na pai za aina sita. Gaylen aliketi mwisho wa meza ndefu. Watu walikuja mmoja mmoja, wakamgusa bega, wakasema alikuwa mwanamke mwema, naye akasema ndiyo. LaVern alikuja na jicho moja bado limefunikwa pamba. Aliketi mkabala naye.

"Renae ameniambia," alisema. "Kuhusu nyumba. Kwamba alitaka kuiona."

"Ndiyo."

"Ile pale kwetu. Nyumba ya Sivert Lunde, baba yake. Nimekuwa nikitembea juu yake miaka kumi na tano, sikujua hata kwamba Arlys ni Lunde."

"Alikuwa."

LaVern aliweka mikono yake yenye makovu juu ya kitambaa cha meza. "Ningekata ule mnyororo kwa mkasi wa chuma, Gaylen. Usiku ule ule. Tungembeba na kitanda chake."

"Najua."

"Nilikuuliza mara mbili."

"Najua uliuliza."

"Ningeuliza ya tatu. Denny akaingilia na mashine yake ya..." Alitoa leso, akapangusa jicho lililo wazi, na kwa kuwa hilo lingine lilikuwa halijapona, liliuma, akaachia tusi dogo ndani ya kanisa. "Kwa nini hukusema tu, bwana? Kwa nini mtu hasemi?"

Gaylen alitafuta jibu kwa uaminifu. Alitazama watu waliojaa chumba kile, kila mmoja akiwa na sahani, wengi wao wangeacha trekta katikati ya shamba kuja kumbeba mkewe kama wangejua.

"Nilidhani ningekuwa nakusumbua," alisema. Maneno yalipotoka yalikuwa madogo mno, hata yeye mwenyewe aliona haya kuyasikia.

Jumanne ya kwanza ya Oktoba hakwenda mkutanoni. Walimpitisha bila yeye kuwepo, mikono yote tisa juu, LaVern akamletea ufunguo wa lango ndani ya bahasha. Ulikaa juu ya friji siku nne. Jumamosi LaVern, pamba ikiwa imeshaondolewa jichoni, akapiga honi nje ya nyumba, akasema hali ya hewa ni nzuri, na kwamba hakuja kuondoka peke yake.

Mashine za kuvunia zilikuwa zikifanya kazi pande zote, vumbi lake likining'inia kama moshi. Uwanja ulikuwa umelala katikati, kijani kibichi kutoka ukingo hadi ukingo. Gaylen aliiweka ile droni ndogo kwenye meza ya mbao.

"Kimo cha kurudi?" LaVern aliuliza kwa sauti.

"Mia na hamsini."

"Mia na hamsini. Anga ni tupu. Mimi ni macho yako, ruka."

Aliivaa miwani, akapanda. Aliona mstari wa miti, paa la bati, watu wawili wazee wamesimama kando ya meza, mmoja amezibwa macho na miwani, mwingine ameinua uso. Alikwenda kushoto kama alivyoelekezwa Agosti. Alishuka. Nyasi zilikuwa zimejaa, laini, sawasawa, kama kitambaa kipya kilichotandikwa juu ya meza. Alizunguka. Alikwenda mashariki, akarudi, akavuka tena polepole zaidi, akishuka mpaka aliona kivuli cha droni yenyewe kikitambaa juu ya majani. LaVern alikuwa akimtajia, bila kuulizwa: kunguru wawili, mbali, upande wa kulia, pikapu barabarani, haiji huku, anga tupu, endelea. Aliendelea mpaka betri ikaanza kulia, akaishusha, akabadilisha betri, akapanda tena, na betri hiyo nayo ikaisha.

Alivua miwani. Mwanga ulimuumiza.

"Umepata kitu?"

"Majani."

Upande wa pili wa miti mashine ya kuvunia iligeuka mwisho wa mstari wake, ikaanza kurudi.

"Mwakani kukiwa kavu mistari itatokea," LaVern alisema. "Misingi haiondoki. Tutaweka alama kwa vigingi, tusipite juu yake na mashine ya kufyeka. Niambie tu ilikuwa wapi. Mlango ulikuwa upande gani?"

Gaylen alitembea hatua chache juu ya nyasi zenye unyevu. Mlango wa nyuma, vidato vitatu. Nyuma ya wapi? Hata mistari yote ingejitokeza mbele yake muda ule, asingejua kipi ni chumba cha msichana na kipi ni ghala la maziwa. Aliyejua kusoma ardhi ile alikuwa mmoja.

"Hapa hivi," alisema, akanyoosha mkono kuelekea miti. Kisha akageuka, akaunyoosha upande wa kibanda. Akaushusha.

"Sijui, LaVern," alisema. "Sikumuuliza mapema."